Habari za Jemadari Washington Kambini

Jina la George Washington wengi wamelisikia, maana mji mkuu wa Marekani umeitwa kwa jina hilo. Wamesikia pia ya kuwa alikuwa rais wa kwanza wa nchi ile. Lakini katika habari hizi hatutazungumza sana juu ya urais wake. Twataka kusimulia jinsi alivyokaa kambini pamoja na askari wenye njaa, hali yeye mwenyewe alikuwa na nyumba nzuri, na mke, na mashamba, mwendo wa siku chache tu kwa farasi. Wala hakuiona nyumba hiyo hata mara moja muda wa miaka sita na miezi minne.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 katika Virginia, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Baba yake alikufa mwaka 1743, na mtoto akabaki na mama yake, mwenye umri wa miaka 11. Alipokua alijifunza kazi ya kupima mashamba, kisha akawa ofisa katika vita vya Waingereza na Wafaransa. Mwaka 1751, alipokuwa katika kisiwa cha Barbados, alishikwa na ndui akapona. Ugonjwa huo tutautaja tena.

Tarehe 6 Januari 1759 alimwoa Martha Custis, mjane tajiri mwenye watoto wawili, mwana na binti. Mwana aliitwa John, na nyumbani walimwita Jacky. Binti aliitwa Patsy. Washington na mkewe hawakupata mtoto wao wenyewe, naye akawalea hao wawili kama wanawe. Walikaa Mount Vernon, juu ya kilima kando ya mto Potomac. Patsy alikuwa na kifafa, akafa ghafula mwezi wa Juni 1773, mwenye miaka 17. Tangu siku hiyo Bibi Martha alikuwa na mtoto mmoja tu.

Tarehe 4 Mei 1775 Washington aliondoka nyumbani kwenda mji wa Philadelphia, kwa Baraza la makoloni yaliyogombana na mfalme. Alidhani atarudi baada ya muda si mrefu. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na mwezi wa Juni Baraza likamchagua awe jemadari mkuu. Akakubali, akakataa mshahara, akaomba alipwe gharama zake tu. Kisha akakaa akamwandikia mkewe barua. Alimweleza ya kuwa hakuitafuta kazi hiyo, na ya kuwa jambo limwumizalo ni upweke atakaoupata yeye Martha. Akampelekea na wasia wake, akasema atumaini kurudi salama kabla ya mwaka kwisha. Twaijua barua hii kwa bahati tu. Baada ya kifo cha mumewe Bibi Martha alizichoma karibu barua zao zote, na chache sana zilisalia. Huenda alifanya vema, maana mambo ya mume na mke ni yao. Lakini aandikaye habari za maisha yake hawezi kuacha kusikitika.

Pamoja naye vitani alikwenda William Lee, mtumwa aliyemnunua mwaka 1768. Huyu alimtumikia mchana na usiku, akapanda farasi nyuma yake katika mapigano, akamtunzia karatasi zake. Msomaji amkumbuke.

Sitayaeleza mapigano yote. Mwaka 1776 Washington alishindwa akaupoteza mji wa New York. Usiku wa Krismasi mwaka huo aliuvuka mto Delaware kati ya mapande ya barafu, akawashinda askari wa Kijerumani wa mfalme katika Trenton. Mwaka 1777 alishindwa tena, Waingereza wakauteka mji wa Philadelphia, na majira ya baridi yakaingia. Waingereza wakalala katika nyumba za mji. Jeshi la Washington likatafuta mahali pa kukaa, likapata bonde na vilima vilivyoitwa Valley Forge, maili kama 20 kutoka mjini. Wakaingia huko tarehe 19 Desemba 1777, watu kama 12,000.

Siku moja kabla yake ilikuwa siku ya shukrani iliyoamriwa na Baraza. Joseph Plumb Martin, askari kijana kutoka Connecticut aliyelelewa na babu yake na bibi yake, ameandika habari za karamu ya siku hiyo. Kila mtu alipewa mchele kidogo, usiotimia nusu kikombe, na kijiko kimoja cha siki. Ndiyo yote. Na usiku wa kwanza katika Valley Forge kijana huyo alishikwa na kiu kali gizani, asione maji. Akakutana na askari wawili wenye maji, akawapa fedha yake ya mwisho ili anywe.

Mahali pale hapakuwa na nyumba za kuwatosha. Washington akaamuru wakate miti wajenge vibanda vya magogo, kila kibanda urefu wake futi 16 na upana wake futi 14, watu 12 ndani yake. Akaahidi dola 12 katika kila kikosi kwa wale watakaomaliza kwanza na kujenga vizuri. Yeye mwenyewe akakaa katika hema yake mpaka kazi ya vibanda ilipoendelea. Ndipo akahamia nyumba ndogo ya mawe iliyokuwako karibu na mto.

Tarehe 23 Desemba alipeleka habari kwa Baraza ya kuwa watu 2,898 kambini hawawezi kufanya kazi, kwa sababu hawana viatu wala nguo. Msomaji aliyepata kutazama theluji juu ya Kibo kwa mbali na afikiri kuikanyaga kwa miguu mitupu. Aliyepewa zamu ya ulinzi aliazima nguo za wenzake, na wenzake wakabaki kibandani karibu na moto. Chakula kikawa unga na maji tu, vikikandwa na kuokwa juu ya mawe ya moto. Siku nyingine hakikuwako hata hicho.

Yafaa niseme hapa ya kuwa wachoraji wametuonyesha Valley Forge kana kwamba ni nchi ya theluji isiyokoma. Sivyo. Baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kadiri. Wala nchi haikukosa chakula. Lakini wakulima wengi walipenda kuwauzia Waingereza mjini, waliolipa kwa dhahabu na fedha, kuliko kupokea karatasi za Baraza ambazo thamani yake ilishuka kila mwezi. Njia zilikuwa matope. Farasi walikufa kwa mamia kwa kukosa majani, na mizoga yao ikaoza kambini. Na wakubwa waliowekwa kuangalia chakula na magari walikuwa wameiacha kazi yao. Basi njaa ile ilitoka kwa watu zaidi kuliko kwa mbingu. Homa, kuhara damu na kichomi vikaua watu karibu 2,000, na wengi wao walikufa si katika baridi kali bali mwezi wa Machi, Aprili na Mei, jua lilipoanza kupasha nchi joto. Hapana aliyepigwa risasi ya adui katika kambi ile, maana mapigano hayakuwako.

Iko pia picha mashuhuri ya Washington akipiga magoti peke yake msituni, akiomba katika theluji. Habari hiyo ilienezwa na mwandishi mmoja baada ya kifo chake, nayo haina ushahidi imara. Hatuna haja nayo. Yaliyo hakika yatosha.

Na katika yaliyo hakika, hili ndilo lililomwogopesha jemadari kuliko Waingereza: barua zitokazo nyumbani. Mganga mmoja wa jeshi, Albigence Waldo, alikuwa na mke na watoto katika Connecticut. Aliandika kila siku mambo aliyoyaona: moshi wa vibandani ulioumiza macho, chakula kibaya, askari aliyepita na miguu iliyo wazi ikionekana katika viatu vilivyokwisha. Aliandika na jinsi yeye mwenyewe alivyotamani kuketi nyumbani kwake. Akaeleza habari za ofisa arudiye kibandani amechoka na kulowana, akute barua ya mkewe. Mke asema fedha aliyopelekewa hainunui chochote, watoto hawana mkate, naye amwomba mumewe arudi. Mtu gani aisome barua hiyo asivunjike moyo? Waldo hakuwalaumu wale waliotaka kwenda. Wengi walikwenda. Mwezi wa Machi 1778 Washington aliliarifu Baraza ya kuwa tangu Agosti maofisa kati ya 200 na 300 wameacha kazi. Na askari wa kawaida, wasio na ruhusa ya kuacha kazi, walitoroka usiku.

Hapa ndipo twamwona Washington alivyokuwa. Hakuwaita waoga. Aliliandikia Baraza maneno marefu akieleza ya kuwa kupenda nchi peke yake hakuwezi kumshika mtu miaka mingi, ikiwa mkewe na watoto wake waangamia. Akaomba maofisa wapewe ahadi ya malipo baada ya vita. Wengine katika Baraza hawakupendezwa, lakini mwezi wa Mei 1778 wakakubali malipo ya nusu kwa miaka saba, na dola 80 kwa kila askari atakayedumu mpaka mwisho. Aliwapa wengi ruhusa ya kwenda nyumbani, hata majemadari. Kwake mwenyewe hakuichukua.

Usifikiri ya kuwa hakutamani. Ndugu mmoja wa ukoo wake, Lund Washington, alikaa Mount Vernon akiisimamia, na jemadari alimwandikia mara kwa mara. Nyumba ilikuwa ikiongezwa vyumba wakati wa vita, naye hakuviona vikijengwa. Mwezi wa Agosti 1776, siku nane tu kabla ya mapigano makubwa katika Long Island, aliketi akamwandikia Lund miti gani ipandwe kila upande wa nyumba. Jeshi la mfalme lilikuwa mbele yake, naye anaamuru habari za miti! Mimi katika barua hii naona hamu yake ya nyumbani kuliko kama angeeleza kwa machozi.

Kwa kuwa yeye hakwenda, mkewe alimjia. Kila mwaka wakati wa baridi, mapigano yalipopungua, Bibi Martha alisafiri katika njia mbaya mpaka kambini. Kwa ajili ya safari hizo alikubali mwaka 1776 kutiwa ndui kwa mkono wa mganga, jambo lililoweza kumwua. Desemba 1777 alifiwa na dada yake mpendwa, na mwisho wa mwezi huo alizaliwa mjukuu, mtoto wa Jacky. Hata hivyo mwanzoni mwa Februari 1778 alikuwa Valley Forge. Nyumba ya mawe ilikuwa ndogo mno, basi kikajengwa kibanda cha magogo cha kulia chakula, naye akasema hali imekuwa nafuu. Ukihesabu miezi yote, alikaa pamoja na mumewe karibu nusu ya muda wa vita. Askari wengine nao walikuwa na wake zao kambini, mamia ya wanawake na watoto. Hao walifua nguo na kuwauguza wagonjwa, wakapata chakula kidogo kuliko cha wanaume. Majina yao hayakuandikwa sana.

Sisi Walutheri tuna jambo letu katika kambi hii. Mmoja wa majemadari wadogo pale alikuwa Peter Muhlenberg, aliyeacha uchungaji katika Virginia mwaka 1776 akawa askari. Husimuliwa ya kuwa alivua joho lake mimbarini, nguo za ofisa zikaonekana chini yake. Lakini habari hiyo ilitolewa baada ya miaka mingi sana, na kila mtu aipime mwenyewe. Ndugu yake Frederick, mchungaji pia, alimwandikia akimlaumu vikali kwa kuchanganya kazi mbili. Baba yao, mzee Henry Melchior Muhlenberg, ambaye mwaka 1742 alitoka Ujerumani na kuyakusanya makanisa yetu katika Marekani, alikaa Trappe, maili chache tu kutoka Valley Forge. Hivyo mzee wa miaka 66 alikaa karibu na kambi ya njaa, na mwanawe alikuwamo.

Lafayette naye alikuwapo, kijana Mfaransa mwenye miaka 20. Mkewe alikuwa ng'ambo ya bahari, na mtoto wao mdogo Henriette alikufa huko Ufaransa. Barua zilikuwa nzito kusafiri. Habari ya msiba ilimfikia baba baada ya miezi mingi, naye muda huo wote akimwandikia mkewe kana kwamba watoto wote ni wazima.

Mambo yakageuka polepole. Washington, aliyeujua ndui katika mwili wake, alikuwa ameamuru askari wote wasiougua watiwe kinga, na maelfu walifanyiwa hivyo pale pale. Mwezi wa Februari akaja Steuben, ofisa wa Kiprusi asiyejua Kiingereza, akawafundisha kuandamana na kutumia silaha, akiwatukana kwa lugha mbili na kuomba mwenzake awatukane kwa lugha ya tatu. Mwezi wa Machi Jemadari Greene akachukua kazi ya magari na vifaa, na chakula kikaanza kufika. Tarehe 19 Juni 1778, miezi sita kamili, jeshi likatoka Valley Forge.

Lakini vita havikwisha. Majira ya baridi ya 1779 na 1780 katika Morristown yalikuwa mabaya zaidi, theluji nyingi kuliko ile ya Valley Forge, ingawa watu hawayakumbuki. Januari 1781 askari wa Pennsylvania waliasi, wakidai mshahara wao na haki ya kwenda nyumbani, kwa kuwa muda wao umekwisha. Wakapatanishwa, na wengi wakaachiliwa. Mwezi ule ule askari wa New Jersey wakafanya kama wao. Safari hii Washington akapeleka kikosi, na wakubwa wawili wa maasi wakapigwa risasi na wenzao wenyewe, kwa amri yake. Wale watu walidai mambo ambayo yeye mwenyewe aliliambia Baraza ya kuwa ni haki yao. Alihofu ya kuwa asipofanya hivyo jeshi lote litavunjika, na pengine alikuwa na kweli. Lakini ni vigumu kusoma habari hii bila kuhuzunika.

Mwezi wa Aprili mwaka huo merikebu ya Kiingereza iliupanda mto Potomac mpaka Mount Vernon. Lund aliogopa nyumba isichomwe moto, akawapa adui chakula. Washington aliposikia akamkemea, akasema ni afadhali nyumba ingechomwa. Nyumba ile aliyoitamani miaka sita! Watumwa 17 walipanda merikebu hiyo wakaenda zao, wakitafuta uhuru wao kwa mfalme yule yule ambaye bwana wao alipigana naye kwa ajili ya uhuru.

Tarehe 9 Septemba 1781, akiwa njiani kwenda Yorktown, Washington alifika nyumbani kwa mara ya kwanza. Akaona vyumba vipya. Akawaona wajukuu wanne waliozaliwa alipokuwa hayupo. Akakaa siku tatu akaondoka. Jacky, ambaye muda mwingi wa vita alikaa kwao, sasa akaomba kumfuata baba yake wa kambo. Tarehe 19 Oktoba jeshi la Kiingereza katika Yorktown likaweka silaha chini. Lakini Jacky alikuwa ameshikwa na homa ya kambini, ile ile iliyowaua watu Valley Forge; akafa tarehe 5 Novemba, mwenye miaka 26. Hivyo Bibi Martha, aliyepita salama katika kambi nyingi kumtazama mumewe, alimpoteza mtoto wake wa mwisho kwa majuma machache ya kambi moja. Washington akawachukua wajukuu wawili wadogo akawalea.

Amani ilikawia miaka miwili zaidi, na mshahara haukulipwa. Mwezi wa Machi 1783, katika Newburgh, maofisa walikusanyika kwa hasira, wengine wakitaka kulitisha Baraza kwa silaha. Washington aliingia akawasihi, lakini hotuba yake haikuwageuza sana. Ndipo akataka kuwasomea barua moja, akashindwa kuyaona maandiko. Akatoa miwani ambayo wengi hawajapata kumwona akiivaa, akawaomba radhi, maana macho yake yameharibika katika kazi hii. Maofisa wakalia, na ghadhabu ikaisha.

Tarehe 23 Desemba 1783, katika Annapolis, alilirudishia Baraza kazi yake ya ujemadari, akapanda farasi, akafika Mount Vernon mkesha wa Krismasi. William Lee alirudi pamoja naye. Katika miaka ya vita Lee alikuwa ameoa Margaret Thomas, mwanamke mweusi aliye huru, mkaaji wa Philadelphia. Mwaka 1784 alimwomba bwana wake mkewe aletwe. Washington hakumpenda mwanamke yule, lakini aliandika barua aletwe, akisema hawezi kumkatalia mtu aliyemtumikia kwa uaminifu hivyo.

Urais wake, tangu 1789 hata 1797, umeelezwa na wengi. Alikufa tarehe 14 Desemba 1799. Katika wasia wake aliandika watumwa wake mwenyewe, watu 123, wapewe uhuru mkewe atakapokufa, na Bibi Martha akawapa mapema, tarehe 1 Januari 1801. Lakini wengine 153 walikuwa mali ya urithi wa mume wa kwanza wa Martha, wala sheria haikumruhusu kuwaachilia. Miaka mingi watu wa pande hizo mbili walikuwa wameoana. Kwa hiyo palikuwapo mume aliye huru na mke aliye mtumwa, na mama aliye huru na watoto wake si huru, na baadhi ya waliopewa uhuru walikaa karibu tu na Mount Vernon, wasiweze kwenda mbali na jamaa zao.

Mmoja tu alipewa uhuru papo hapo, pamoja na dola 30 kila mwaka: William Lee. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamevunjika zamani kwa kuanguka, hata akaiacha kazi ya kupanda farasi, akafanya kazi ya ushonaji wa viatu. Alibaki Mount Vernon mpaka kufa kwake. Husimuliwa ya kuwa askari wazee wa vita vile, walipopita njia ile, waliingia katika kibanda chake wakaketi naye, wakizungumza habari za kambini.